Diski Mbili na Majigambo ya Baba

Mimi kwenye diski sidanganyiki. Nina chumba cha gemu hapa Bukoba mjini, na kwenye sherehe nakodiwa na kamera yangu, kwa hiyo vifaa vya kuhifadhia nimevishika hadi vimenichosha. Muuzaji akiniambia, "Dada, hii ni ya uhakika," namwambia aichomeke kwanza tuone.

Siku hiyo niliingia dukani nikiwa na haraka. Mama alikuwa amenipigia kutoka kijijini Buganguzi: "Kile kidude chako kimenuna. Baba yako hatoki tena."

Kidude ni diski yangu ya zamani. Pamoja na filamu, ilikuwa na video niliyompiga baba siku ya kumuaga dada yangu alipoolewa. Amesimama uani na mkuki wake, anatoa majigambo ya ukoo kwa Kihaya mpaka wakwe wanainamisha vichwa. Haukupita muda akafariki, na sauti yake nyingine haipo popote. Diski nilimwachia mama aichomeke kwenye televisheni yake, na kila Jumapili akitoka kanisani alikuwa anamwasha mumewe. Nakala nilikuwa nimepanga kuitoa siku nikipata diski kubwa. Sasa siku ilikuwa imefika kwa mabavu.

Muuzaji alianza na SSD, diski ya kasi, nyembamba kama sabuni iliyobaki bafuni. "Hii inaruka, dada. Gemu inafunguka kabla hujakaa."

"Najua. Nafasi je?"

Nafasi ilikuwa ndogo. Akaleta ile ya kawaida yenye sahani inayozunguka ndani, nzito, yenye nafasi ya kumwaga. "Basi chukua hii, weka kila kitu humo."

"Kila kitu pamoja? Thubutu!"

Gemu zangu nazifuta na kuziweka upya kila mara, na wateja wanachomoa nyaya bila kuaga. Siwezi kumweka marehemu katikati ya fujo hiyo. Nikachukua zote mbili: ya kasi kwa ajili ya gemu, kubwa kwa ajili ya filamu na baba. Ile kubwa niliijaza mafaili mazito palepale kaunta, nikayafungua moja moja, maana ziko zinazojitangaza kubwa na tumboni hamna kitu. Muuzaji alinuna. Anune tu.

Nikafika Buganguzi. Kwenye televisheni hapakuwa na diski.

"Iko wapi, Mama?"

Akanyoosha kidole juu. Alikuwa ameiweka kwenye dari la jikoni, juu ya moto wa kuni, kando ya mbegu za maharage. Kwetu, kitu usichotaka kioze kinakaa kwenye moshi.

"Mvua zimezidi," akasema. "Nikimaliza kumwangalia, namweka pakavu."

"Waitu jamani, Mama! Umemkausha baba!"

Nilitaka kugomba, nikajikuta nacheka, na yeye akacheka mpaka akashika ukuta. Nikaifuta masizi, nikaichomeka kwenye laptopu. Ikafunguka. Sikugusa filamu hata moja, nikaanza na baba. Nakala ikaanza kwenda, ikasita, halafu nikasikia tak, tak, tak. Sauti hiyo naijua, ni ya diski inayokufa, na ukiisikia usiilazimishe diski, utaharibu hata kilichobaki. Nikaichomoa.

Nililia. Hodari wa diski mimi, nililia kama mtoto mbele ya mama yangu. Nikamwambia ukweli: labda mafundi wakubwa wa Dar wataweza kuifungua, labda basi tena.

Mama akanitazama kwa mshangao. "Kwani kilichopotea ni nini? Yale maneno?"

"Maneno, Mama, na yeye mwenyewe anavyoyasema."

Akafuta mikono kwenye kitenge, akatoka uani, akasimama palepale aliposimama baba. "Washa simu yako."

Nikamkumbusha kwamba majigambo ni ya wanaume. Mwanamke kwetu anaitikia kwa vigelegele, hasimami katikati ya uwanja. Na majirani je? Kibanja chao cha migomba na chetu vimegusana, watasikia kila neno.

"Wasikie. Wao walimsikia mara moja. Mimi ninaye kila Jumapili."

Akaanza. Alitaja babu wa babu, akataja ng'ombe na vita, mguu ukipiga ardhi, sauti akiishusha pale baba alipoishusha na kuipandisha pale alipoipandisha. Majirani walisogea kimya mpaka ukingoni mwa migomba. Mimi sikuacha kurekodi. Alipokaribia mwisho, akakatiza ghafla, akakohoa kikohozi kizito mara mbili, akapangusa mdomo kwa kiganja. Nikashusha simu nikamuuliza kama nimletee maji.

"Maji ya nini?" akasema. "Hapo ndipo baba yako anapokohoa. Endelea kurekodi."