Mwaka Tuliohamia Etaji

Mwaka niliochaguliwa kuwa doyeni wa wanafunzi, mama yangu alinunua kitenge kipya, kana kwamba ninaolewa. Shule yetu ilikuwa lisee ya wasichana, ya masere, yaani masista wa Kikatoliki, hapa Goma, na doyeni pale hakuwa mtu mdogo. Ndiye aliyepiga kengele. Ndiye aliyeongoza sala ya asubuhi uwanjani. Kwenye robine ya maji hakupanga mstari. Na zaidi ya yote, alikaa na finalisti wenzake, yaani wasichana wa mwaka wa mwisho, katika chumba cha chini.

Chumba hicho kilikuwa upande wa bustani. Madirisha yalikuwa mapana na upepo wa ziwa uliingia hata wakati wa jua kali. Robine ilikuwa mlangoni, vyoo nyuma tu. Madarasa mengine yote yalikuwa juu, etaji, na kufika huko ulipanda ngazi za mawe meusi ya volkano, zilizochongwa ovyo, hakuna moja iliyolingana na nyingine. Tangu tulipoingia shuleni tukiwa wadogo tulikuwa tukipita mlango ule tukichungulia ndani, tunaambiana kwamba siku yetu itafika. Ilipofika, tuliosha sakafu kwa sabuni mara mbili na rafiki yangu mkubwa akashona mapazia.

Huyo rafiki ndiye aliyekuwa makamu wangu. Baba yake aliuza vitenge, familia ya Waislamu yenye asili ya Maniema. Wakati wa sala yetu alisimama kimya, macho chini, kwa heshima kuliko Wakatoliki wengi. Baada ya sala ulimi wake ulifunguka, na hapo hata walimu walimwogopa.

Mkuu wa shule tulimwita Masere Prefe. Alitoka Butembo, sauti nene, mikono ya mtu aliyelima. Siku ya kunivisha utepe wa udoyeni aliniinamia sikioni: "Mutoto yangu, sasa utakuwa na kazi mingi kupita wenzako. Ukichoka, kuja tunywe chai."

Nilidhani anatania.

Wiki chache baadaye, asubuhi moja, niliona chukudu ikiingia getini. Si jambo la ajabu Goma, baiskeli hizo za mbao hubeba kila kitu, lakini hii haikubeba viazi. Juu yake alikaa msichana wa darasa la saba, darasa dogo kuliko yote katika sekondari yetu, mguu mmoja ndani ya plasta umenyooka mbele. Alikuwa ameanguka kutoka kwenye pikipiki, barabara ya kwao. Aliyesukuma alikuwa baba yake, mtu wa Kalengera aliyehamia mjini na jamaa yake. Kila siku alibeba kabichi na viazi kupeleka sokoni, na siku hiyo mtoto wake alikuwa mzigo wa kwanza.

Walifika chini ya ngazi, baba akaziangalia ngazi, akafuta jasho.

"Ba mama, bonjour," alitusalimu mimi na rafiki mwingine tuliokuwa tunafagia uwanja. "Miye naomba tu munisaidie. Mutoto apande. Soko inaningojea."

"Enda tu, papa," nilimjibu. "Tutamupandisha."

"Murakoze. Mungu abawezeshe."

Tulishikana mikono tukatengeneza kiti, msichana akakaa, mikono yake shingoni mwetu. Alikuwa na haya hata akafumba macho. Tulipofika juu, wenzake wa darasa la saba walipiga makofi, naye akafumbua jicho moja, akacheka.

Tukafanya hivyo kila siku, asubuhi kumpandisha, mchana kumshusha. Lakini siku moja wakati wa mapumziko nilipanda kutafuta chaki nikamkuta peke yake darasani, ameegemea dirisha, anaangalia wenzake wakiruka kamba uwanjani. Alikuwa akiwahesabia mizunguko kwa sauti kutoka kule juu, na wao chini wakimjibu kwa kelele. Hakuwa na huzuni. Mimi ndiye niliyerudi chini na huzuni, nikakaa kwenye kile chumba chetu chenye upepo, na mapazia yakawa yananipigapiga usoni.

Kesho yake niliwaita finalisti wote, nikawaambia wazo langu: sisi tupande etaji, darasa la saba lishuke hapa.

Ilikuwa kana kwamba nimewaambia tuhamie Kinshasa kwa miguu. Wote walisema kwa pamoja. Makamu wangu alisimama juu ya benchi.

"Miye siendi etaji," alisema. "Miaka yote tulikuwa tunangojea hiki chumba. Yule mutoto atapona, na chumba itakuwa imepotea. Kumubeba tutamubeba. Lakini chumba, hapana."

Walimpigia makofi.

Nikaenda kunywa chai kwa Masere Prefe.

Alinisikiliza mpaka mwisho, akanimiminia kikombe kingine. "Naweza kutoa amri leo hii," alisema. "Saa sita muko juu. Unataka nitoe?"

Nilifikiri. "Hapana, masere. Tukihama kwa amri, watamuchukia mutoto."

"Basi nitanyamaza," alisema, akacheka kidogo. "Ila usinikalishe kimya muda mrefu. Sijazoea."

Siku iliyofuata mwenzangu wa kubeba alikuwa na malaria, amebaki nyumbani. Baada ya masomo nilimwomba makamu wangu anisaidie. Alikubali bila kusita. "Nilisema nitabeba. Nabeba." Tulishikana mikono, msichana akakaa, tukaanza kushuka. Makamu alikuwa mrefu kuliko mimi, kwa hiyo kiti chetu kiliinama upande kama mtumbwi uliopakiwa vibaya.

"Ba dada, munishike muzuri," msichana alisema, mikono imekaza shingo zetu. "Nikivunja na ule mwingine, papa atanifunga kamba ku chukudu pamoja na viazi, na ku soko watauliza bei yangu."

Makamu alianza kucheka. Alikuwa na kicheko kinacholegeza magoti, na mimi kikaniambukiza, ikabidi tumkalishe mtoto kwenye ngazi haraka kabla hatujamwangusha kweli. Tukakaa wote watatu pale katikati ya ngazi, tunacheka, machozi yanatoka. Jua lilikuwa kali. Makamu alitoa chupa yake ya maji, akanywa, akampa mtoto.

"Hapana, dada, aksanti."

"Kunywa, ni maji safi."

"Kunywa nataka. Lakini nitaomba choo, na papa bado hajafika."

"Choo iko pale, tutakupeleka. Kwani tangu asubuhi hukunywa?"

"Ku masomo sikunywaka," alisema tu, bila malalamiko, kama mtu anayeeleza ratiba ya darasa. "Nani atanishusha wakati mwalimu anafundisha? Nakunywaka nikirudi nyumbani."

Makamu aliiacha chupa mikononi mwake. Jambo hilo lilinishtua sana, maana nilikuwa nikimbeba mtoto yule kila siku na sikuwahi kumuuliza. Tulimpeleka chooni, akanywa chupa nzima, baba yake akafika, wakaondoka.

Asubuhi yake, mara tu baada ya sala, makamu aliingia darasani mbele yetu wote, akapanda kwenye benchi lile lile, akaanza kufungua mapazia. Aliyakunja, akayaweka juu ya dirisha. Kisha akashuka, akashika meza yake upande mmoja, akaiburuta hadi mlangoni. Sisi tulikuwa tumesimama tunamtazama.

"Munaangalia nini?" alisema. "Hii meza iko nzito."

Hakuna kura iliyopigwa. Mmoja alikwenda akashika upande wa pili wa meza. Mwingine akabeba benchi kichwani. Mmoja wetu, mwimbaji wa kwaya, akaanzisha wimbo wa mavuno, ule wa kupeleka matoleo altareni, na jinsi ulivyo na mwendo wa kucheza, tukajikuta tunapanda ngazi tukicheza, huku darasa la saba wanashuka wakicheza na vimeza vyao, na katikati hakuna anayeweza kupita. Madarasa mengine yalitoka kuangalia, yakaingia kazini. Walipanga mstari kwenye ngazi wakawa wanapokezana mabenchi mkono kwa mkono. Mwalimu wa hesabu, mtu wa tai kila siku, aliipachika tai yake juu ya bega na kubeba ubao. Masere Prefe alikunja mikono ya kanzu yake na kuvua viatu. Alibeba meza mbili, moja kila upande. Mtu alipotaka kumpokea, alikataa. "Wacha! Munataka nizeeke?"

Baba wa msichana alikuwa bado yuko getini. Aliuliza kuna nini, akaelezwa. Alishusha kabichi zake chini ya ukuta, akaleta chukudu hadi mlangoni kwetu, akapakia kabati letu kubwa la vitabu ambalo hakuna aliyethubutu kuligusa, na akalivusha uwanja mzima hadi ngazini huku wasichana wakimkimbilia pembeni wakipiga vigelegele. Binti yake alikaa kwenye kiti katikati ya uwanja, akitoa amri kwa kila mtu: huku, hapana, kule, pole pole. Nafikiri siku hiyo doyeni alikuwa yeye.

Makamu aliwaachia wadogo mapazia. "Yanabaki hapa," aliwaambia. "Lakini muyafue kila mwezi. Nitakuja kuangalia."

Etaji ilikuwa na joto, sitadanganya. Mvua ikinyesha mabati yalipiga kelele hata mwalimu wa Kifaransa aliandika ubaoni badala ya kusema. Maji yalikuwa mbali, kwa hiyo nikawa nabeba bidon, dumu la maji, kila asubuhi kwa ajili ya darasa, na kwa sababu nilikuwa na bidon kubwa niliona aibu kupita mbele ya wengine, nikapanga mstari. Mstarini ndipo nilipoanza kuijua shule yangu. Nilijua nani analala kwa shangazi, nani haelewi kemia, nani amegombana na nani. Mambo ambayo doyeni angepaswa kuyajua yalikuwa yakizungumzwa pale robineni. Na etaji tuliona mlima Nyiragongo wote, mpaka moshi wake, asubuhi zisizo na ukungu.

Plasta ilipotolewa, msichana alipanda ngazi kwa miguu yake mwenyewe, mkono ukutani, darasa lake lote nyuma yake. Alisimama mlangoni kwetu, anahema.

"Tumekuja kubarudishia chumba yenu," alisema.

Tuliangaliana. Wawili watatu walikuwa tayari wamenyanyua mifuko, naelewa. Makamu alimtazama mtoto juu hadi chini, akakaza uso.

"Mapazia mulifua?"

"Tulifua, dada."

"Basi mukae nayo. Sisi tumeshazoea hewa ya juu."

Tangu hapo chumba cha chini ni cha darasa ambalo lina mtu asiyeweza kupanda, na kama hakuna, ni cha wadogo. Hakuna aliyeandika sheria hiyo. Mwaka uliofuata finalisti wapya walipanda etaji wenyewe.

Siku ya matokeo ya mtihani wetu wa serikali tulikusanyika uwanjani, simu mikononi. Jina la kwanza lilipoonekana, kelele zikaanza, na sisi wote tukaonekana kuwa tumefaulu, mmoja baada ya mwingine. Hapo darasa la saba lilitoka mafichoni na makopo ya poda, maana kwetu aliyefaulu humwagiwa poda. Walikuwa wametuvizia tangu asubuhi. Walituogesha poda kuanzia nywele mpaka viatu, makamu akawa mweupe kama unga wa muhogo, akikimbizana na yule msichana wa Kalengera kuzunguka uwanja, na msichana alikuwa na mbio kuliko yeye. Masere Prefe alitoka ofisini kutupongeza akiwa msafi, amevaa kilemba kipya, maana alikuwa na mkutano kwa askofu. Alipomaliza kutukumbatia hakukuwa na tofauti kati yake na sisi. Aliangalia saa, akaingia kwenye gari lake bovu, akawasha, na akaenda kwa askofu hivyo hivyo, poda ikipeperuka dirishani njia nzima.