Mtandio wa Marzanna

Bogumiła Sawczuk anafundisha darasa la kwanza katika shule yetu kando ya mto Narew tangu yeye na mimi tulipokuwa wasichana wenye viuno vyembamba. Mimi ni mwalimu wa darasa la tatu, mlango unaofuata. Ukuta baina yetu ni mwembamba, kwa hiyo masomo yake nayajua kuliko yangu. Ni mkaidi, msafi kupindukia, na chai yake ni nyepesi hata unaona haya kumpa mgeni. Nampenda sana, ila sijawahi kumwambia, maana angeniuliza nimekunywa nini.

Machi ikiingia, darasa lake linageuka shamba. Watoto wanachora nyuso kwenye maganda ya mayai, wanatia pamba iliyoloweshwa ndani, wanapanda mbegu na kungoja mboga zichomoze kama nywele. Kisha kinaletwa chungu kikubwa kutoka jikoni, kwa sababu kwetu husemwa Machi ni chungu: theluji, mvua na jua hupikwa humo pamoja. Watoto wanatumbukiza mawingu ya pamba, utepe wa mvua na jua la karatasi, wanakoroga kwa mwiko, na kila mmoja anachota hali ya hewa yake bila kuchungulia. Aliyechota upepo anapuliza mpaka anapaliwa. Mimi huku ng'ambo ya ukuta nafundisha kuzidisha, na hakuna anayenisikiliza.

Lakini kubwa kuliko yote ni siku ya kumzamisha Marzanna. Huyo ndiye Baridi mwenyewe: mwanasesere wa mabua, kimo cha mtoto, aliyevishwa matambara yaliyotoka majumbani. Siku ya kwanza ya majira ya kuchipua tunampitisha kijijini kwa nyimbo, tunamtupa mtoni, tunarudi shuleni. Na hapo Bogumiła anakuwa jenerali. Akishatupwa, haguswi. Mkirudi, hakuna kugeuka nyuma. Atakayegeuka ataugua.

Walimu wengine huyasema hayo kwa utani. Yeye hatanii. Alipokuwa na miaka saba, kaka yake Czesiek aligeuka nyuma ili amwone Marzanna akizama, na kabla ya Pasaka wakamzika kwa homa ya mapafu. Niliwahi kumwambia, kwa jina la utotoni ninalomwita, "Bogusia, homa ile ilikuwa imeshamwingia kifuani." Akanijibu, "Jadzia, wewe fundisha hesabu zako." Sikurudia tena.

Mwaka huu, kati ya soksi zilizotoboka na mashati yasiyo na vifungo, Lidka alileta mtandio mweusi wenye waridi jekundu. Lidka ni mtoto mpole ambaye familia yake ilihamia kwetu wakati wa baridi. Bogumiła aliukunjua mtandio dirishani.

"Mzuri huu, jamani. Nyumbani wanajua umeuchukua?"

"Bibi hautumii tena," Lidka akasema.

Watu wazima tulisikia tulichotaka kusikia. Marzanna akafungwa ule mtandio kichwani, akapendeza kuliko mimi siku ya harusi yangu.

Tulimtupa darajani. Alielea kidogo, akageuka kifudifudi, maji yakamchukua, na watoto wakashangilia. Bogumiła akapiga makofi mara moja tu. "Darasa la kwanza, macho mbele. Twende." Akatangulia, watoto wakafuata wawili wawili, nami, niliyewaacha wangu shuleni na mwalimu mwingine, nikafunga mstari nikiwa nimemshika Lidka mkono, maana mwenzake wa kushikana naye alikuwa anaumwa tetekuwanga.

Tulikuwa hatujafika mbali aliponivuta. "Mwalimu, nguo wataturudishia lini?"

"Nguo gani, mwanangu?"

"Za Marzanna. Kwenye mchezo wa Krismasi tulirudishiwa zote."

"Hizi hazirudi. Zinakwenda na maji."

Akasimama. "Lakini mtandio bado una harufu ya bibi," akasema. "Bibi mwenyewe yuko makaburini."

Hakupiga kelele. Alilia kimya, mdomo wazi. Mstari wote ukasimama. Bogumiła akauliza kuna nini huko nyuma, na kwa kuwa hakutaka kuutazama mto, akatujia kinyumenyume, akipapasa vichwa vya watoto njiani. Siku nyingine ningecheka mpaka nikae chini. Nilimwambia yote bila kuficha.

Kisha akavua saa yake akanipa, akanipa na mkoba.

"Bogusia, acha wazimu. Una miaka sitini na tatu. Mto una barafu pembeni."

"Nitaangalia tu kama amenasa kwenye matete."

"Huwezi kuangalia bila kugeuka."

"Najua, Jadzia. Nani aliyewafundisha ninyi nyote?" Akawapazia watoto sauti. "Macho mbele. Asigeuke mtu, hata mkisikia nini."

Na yeye akageuka. Nilikuwa karibu naye, niliuona uso wake ukiisha damu. Alifanya ishara ya msalaba, akashuka ukingoni, na maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Nikasikia buti zikivuliwa. Nikasikia barafu ikivunjika.

Mimi huwacheka wanaoamini mambo haya. Hata hivyo nilisimama pale na saa ya mwenzangu mkononi, nikitazama mbele kwenye mnara wa kanisa, na shingo yangu haikuthubutu. Nilijionea aibu. Maji yalichapwa, yakachapwa tena, halafu tukasikia akikohoa. Kisha kukawa kimya kirefu.

"Mwalimu ameshatazama," alisema Ignaś, mtoto wa fundi wa baiskeli, yule aliyechota mvua kwenye chungu akanuna.

"Ndiyo," nikasema.

"Ataugua?"

"Sijui, baba."

"Ataugua peke yake?"

Aliwaza, akipangusa kamasi kwa glavu.

"Tukitazama wote," akasema, "ugonjwa utagawanyika. Kila mtu atapata mafua kidogo tu."

Mwenzake akamwambia, "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, wewe."

"Nivunjike," Ignaś akasema, akageuka.

Halafu Lidka akageuka. Kisha wawili wa mbele, kisha wengine, kwa zamu, wengine wakiwa wamefumba macho kwanza na kuyafumbua taratibu. Nami nikageuka, wa mwisho kabisa.

Bogumiła alikuwa ndani ya maji mpaka kiunoni, katikati ya matete, akitetemeka, ameuinua mtandio juu ya kichwa kwa mikono miwili. Alipoona nyuso zote zile zinamtazama, alifoka. "Nimesema nini mimi? Geukeni. Geukeni huko mara moja."

Hakuna aliyemsikiliza. Alituangalia mmoja mmoja, kama anapoita majina asubuhi, na mdomo ukaanza kumcheza. Akalia palepale mtoni, mbele ya darasa zima, na watoto wakaendelea kumtazama kwa bidii, kila mmoja akichukua fungu lake.