Mapaja Mawili ya Kuku

Jumapili ya kutembelewa, misa ilipokwisha, wazazi walitandika vitenge kwenye nyasi za shule na kila mwanafunzi akakaa na watu wake. Mama alitoka kijijini kwetu Sigino na hotpoti ya wali na kuku. Kabla sijanawa akaniambia nimwite binti wa jirani yetu, tuliyelala naye bweni moja, ambaye hakuwa na mgeni. Nikamwita. Mama akampakulia yeye kwanza, tena mapaja yote mawili. Mimi mwanawe nikaachiwa shingo.

Nilinuna waziwazi. Mwenzangu alipoinuka kwenda kuchota maji ya kunywa bombani, nikamuuliza mama mtoto wake ni nani, mimi au yule.

Mama hakunigombeza. Alisema kwa sauti ya chini, "Mama yake alifariki jana. Sista mkuu wa shule amesema ale kwanza, ndipo aambiwe."

Kwenye dirisha la ofisi nikamwona baba yake, ameinamisha kichwa.

Mwenzangu akarudi, akakaa, akachukua paja la pili.

"Mama, kuku mtamu sana. Ukifika nyumbani mwambie mama yangu naye aje."

Mama akamwongezea mchuzi.