Jiko la Mama Mkwe

Mimi ndiye niliyewaandikia watafiti wenzetu wa ng'ambo kwamba huko Musanda, mama mkwe wangu ameacha kuni na sasa hupikia jiko letu la makaa ya makapi ya miwa. Nilijiamini kabisa. Jikoni kwake sijawahi kuingia, mkwe haingii, lakini kila nikiuliza hunijibu, "Jiko liko salama, baba."

Wageni walipofika tukaletewa obusuma, ugali wa huko, na kuku. Nikajigamba kwamba hata kuku huyo ameivia kwenye jiko letu. Wakaomba kuliona.

Mama mkwe akafunua kitambaa cha kufuma palepale sebuleni, kando ya televisheni. Jiko lilikuwa linang'aa.

"Kitu kizuri hivi nikitie masizi?" akaniuliza. "Kuni ninazo."