Masharti Yasiyojua Kuomba

Ninyi vijana mnaobonyeza "Nakubali" kabla hamjasoma, tulieni niwaeleze habari za mmoja wa wanaoandika hayo msiyoyasoma. Ni mjukuu wangu, na nusura adabu imkoseshe kazi.

Alisomea Ufini, akarudi na lugha yao pamoja na koti zito ambalo hapa Doha halina kazi. Duka moja la marashi la Al Sadd, linalouza mtandaoni hadi huko kwenye barafu, likampa masharti ya tovuti yake ayatoe kwenye Kiingereza ayaweke kwa Kifini. Ilikuwa kazi ya majaribio. Akipita, ameajiriwa, asipopita, arudi kusaka.

Akaketi mezani kwetu Al Thumama, akatafsiri, akatuma. Asubuhi kazi ikarudi. Mwanasheria wa duka, Mfini mwenyewe, alikuwa ameandika: "Haya ni masharti, si mwaliko wa harusi. Rekebisha leo hii."

"Kwani ulifanya nini?" nikamuuliza.

"Nyanya, Kiingereza kinasema mteja haruhusiwi kunakili picha. Mimi nimeandika anaombwa kwa heshima asinakili. Niliona haya. Wengine watakaosoma ni wazee."

Mama yake, ambaye ndiyo kwanza alikuwa ametoka zamu hospitalini, akacheka hadi akavua miwani. "Mama, hiyo ni kazi yako. Si wewe ulimfundisha kwamba mkubwa haamrishwi?"

Kweli, ni mimi. Nilimnyima chapati mara ngapi kwa sababu ya "lete" isiyo na "naomba"! Basi nikavuta kiti, nikaketi mbele yake. "Mimi ndiye mteja. Niamrishe."

"Nyanya, tafadhali..."

"Toa tafadhali."

"Mteja... ukiona vyema..."

"Sioni vyema, nina mtoto wa jicho. Amrisha!"

Akafumba macho. "Mteja atalipa gharama ya kurudisha bidhaa."

"Na nisipolipa?"

"Haturudishi pesa. Khalas."

Nikamwambia aandike hivyo hivyo. Akaenda sharti kwa sharti, sauti ikizidi kukauka kama ya askari wa geti. Alasiri jibu likaja: amepita.

Tulikuwa bado tunashangilia aliponigeukia. "Nyanya, sogeza mguu. Unakanyaga waya."

Bila hata 'naomba'. Mguu niliusogeza, waya ni wake. Kisha nikatoa amri, na yangu haina kitufe cha kukubali: "Ukali wa Kifini mwisho wake ni kwenye kompyuta. Ikishafungwa, 'naomba' irudi mezani kabla ya chai."