Nilivyoinyanyua Pikapu, Mama Mkwe Akabaki Chini

Haya niliapa nisiyasimulie, lakini kwa kuwa nusu ya kijiji cha Busi iliyaona kwa macho yake na nusu nyingine imesimuliwa na shemeji yangu Hawa (ambaye chumvi haimpungukii), heri mnisikie mimi mwenyewe niliyeaibika.

Mimi ni mtu wa nyumbani. Duka langu la mabomba liko Makole, Dodoma mjini, chumba changu cha kulala kiko nyuma ya duka, na safari ndefu ya pikapu yangu ilikuwa kupeleka tangi la mteja huko Zuzu, pembeni ya mji, na kurudi kabla chai haijapoa. Ila nilikuwa naangalia kwenye simu video za watu wanaovuka mito na kupanda majabali kwa pikapu zilizonyanyuliwa juu, na ukiangalia hayo miezi mitatu umejilaza kwenye kochi, lami yenyewe unaanza kuiona ni dharau.

Basi zikaja habari kwamba madaktari wa macho wanakuja Dodoma, wataandikisha wagonjwa siku moja tu, mwisho saa tisa alasiri. Mama mkwe wangu, anayeishi Busi kule Kondoa, alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili, akiona kivuli tu. Na mke wangu Zaituni alikuwa na mimba ya miezi minane, ya kwanza. Ombi la mama lilikuwa moja: amwone mjukuu wake akizaliwa. Nikasema nitamfuata mwenyewe, na kwa kuwa kipande cha mwisho cha njia ni makorongo, nikaipeleka pikapu kwa fundi ainyanyue.

Fundi akachungulia chini, akaniuliza, "Bosi, unabeba mzigo gani?"

"Mama mkwe."

"Ana tani ngapi?" Akafuta mikono. "Springi za kiwandani zinakutosha. Hizi ngumu unazotaka ni za wabeba mawe. Badilisha shokapu hiyo iliyochoka, nenda zako."

Fundi anakataa kazi, mteja analazimisha! Nikalazimisha. Pikapu ikapanda juu, ikavikwa na matairi makubwa, na Zaituni akaizunguka ameshika kiuno.

"Rajabu, na magoti yake yale mabovu, mama atapandaje humo?"

"Mlango si upo?" nikamjibu (Mungu anisamehe).

Siku yenyewe yeye alikwenda hospitali kushika nafasi, mimi nikatoka alfajiri. Nilifika Busi saa tatu, na nakiri nilipiga honi bila sababu. Nikamwamkia mama kwa mbali, akaitikia marahaba, akaja na mkongojo wake, kanga mpya, akanyoosha mkono kutafuta mlango. Akagusa tairi.

"Mkwe, hili ni gurudumu au ukuta?"

Sasa muelewe: kwetu mwanaume hamgusi mama mkwe wake. Anaweza kumjengea nyumba, lakini kumshika kiwiko, hapana. Mashemeji zangu wanaume walikuwa shamba la mbali, kwa hiyo mwenye nguvu pekee pale uani alikuwa mimi, na mimi ndiye niliyetakiwa kugeuka niutazame ukuta wa nyumba wakati wanawake wanampandisha. Nikautazama. Nyuma yangu nikasikia Hawa analeta kigoda, hakikutosha, akaleta kinu akakigeuza juu chini, kikabingirika, watu wakapiga yowe, majirani wakaanza kuja mmoja mmoja kama kwenye ngoma.

"Shemeji!" Hawa akapaza sauti ili wote wasikie. "Huku Busi kuna mto gani tusioujua sisi?"

Simu ikaita. Zaituni: "Mmeshatoka?"

"Tunatoka sasa hivi," nikadanganya, pua yangu ikiwa karibu kabisa na udongo wa ukuta.

Mpaka wanamsukuma kwa chini na mlango unafungwa, ilikuwa saa tano. Tukaondoka, Hawa ameketi kati yetu kwa heshima. Na gari tupu lenye springi za kubebea mawe, ndugu zangu, halibonyei, linaruka. Korongo la kwanza tuliruka, la pili mama akagonga kichwa juu.

"Mkwe, unanipeleka kwa daktari wa macho au wa mgongo?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Korongo la tatu akasema, "Simamisha." Akajitelezesha mpaka chini, akakalia jiwe, akasema hapo atangoja gari la wanadamu.

Tulingoja karibu saa mbili. Ikaja pikapu chakavu ya mkulima wa vitunguu aliyekuwa akienda Dodoma, fupi, springi zake zile zile ilizotoka nazo kiwandani. Mama akaweka mguu mmoja, akaweka wa pili, akakaa. Hakuna aliyemgusa. Mimi nikafuata nyuma nikila vumbi lao, na mzigo wa vitunguu haukimbii.

Tulifika hospitali saa kumi na moja. Zaituni alikuwa peke yake kwenye benchi, amevua ndala, miguu imevimba.

"Wamefunga," akasema. "Nimewaambia mama yuko njiani mpaka nikaona haya."

Mama ndiye aliyenitetea, nami ningependa zaidi anitukane.

Springi zile nilizitoa wiki hiyo hiyo, na madaktari waliporudi mwaka uliofuata mama alitibiwa, sasa akija kututembelea ananiona vizuri nikichelewa kufungua duka. Na nimeapa: mtu akiniuliza kama pikapu yake ifungwe springi ngumu, namuuliza kwanza nani anapanda, kisha namnyang'anya simu. Lakini mtoto wetu hakungoja madaktari. Siku ya saba ya kuzaliwa kwake mama alipakatishwa mjukuu, akampapasa paji, pua, masikio, polepole.

"Amechukua sura ya nani?"

Zaituni akanitazama mimi, nijibu.

"Yako, mama," nikasema.

Akatabasamu upande ambao sikuwapo. "Basi nitaamini, mkwe."