Bei ya Viatu Vyangu Mkuyuni

Ipo siku moja ya soko pale Mkuyuni ambayo mpaka leo nikiikumbuka nacheka peke yangu, walio karibu wakadhani nimechanganyikiwa.

Mwanangu, kila asubuhi unanisomea kwenye simu habari za Marekani: mfumuko wa bei umepanda, uzalishaji umepungua, watu wametumia zaidi madukani. Unazisoma kama zimeshuka kutoka mbinguni. Hazikushuka. Kuna mtu alitumwa akaulize. Mimi nilikuwa mtu wa namna hiyo, hapa hapa Morogoro, na nusura kazi inishinde siku ya kwanza.

Nilikuwa nimetoka chuoni, nimepata kibarua cha kukusanya bei sokoni. Kwenye mafunzo walitueleza jinsi Wamarekani wanavyofanya: kila mwezi wanarudi kwenye maduka yale yale, wanauliza kitu kile kile, cha ukubwa ule ule. Mimi nikatoka pale na Umarekani mtupu. Nikanunua viatu vya kisigino kirefu, nikapaka rangi ya mdomo, nikapanda gari la Mkuyuni. Mvua ilikuwa imenyesha, na tope la kule unalijua.

Wa kwanza kumfikia alikuwa Bi Zena, mama wa makamo aliyeteremsha ndizi zake kutoka milimani. Sikumsalimia, Mungu anisamehe. Nilimsimamia kichwani na kalamu yangu.

"Mkungu bei gani?"

Akaniangalia toka kichwani mpaka kwenye visigino, akataja bei. Nikaandika. Jirani yake, aliyekuwa anasikiliza, akataja kubwa zaidi. Nikaandika. Kufika saa saba nimemaliza soko zima, najiona mtaalamu.

Kesho yake msimamizi wetu, mzee mmoja mpole, aliisoma fomu yangu mara mbili.

"Binti, hizi ndizi za Mkuyuni zinapandwa Marekani?"

Maana kwa karatasi yangu zilikuwa ghali kuliko za mjini, ambako zinafika kwa lori.

"Rudi," akasema. "Ukiniletea hivi tena, kibarua nampa mwingine."

Na kibarua hicho ndicho kilichokuwa kinamsomesha mdogo wangu. Nikarudi, safari hii na kandambili.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kumbe unajua?" Wenzake wakaangua kicheko.

"Mama, mbona juzi ulinidanganya?"

"Sikukudanganya," akasema Bi Zena. "Ile ilikuwa bei ya viatu vyako. Uliuliza ninataja ngapi, hukuuliza ninauza ngapi. Kaa hapa, funga mdomo, tazama."

Nikakaa juu ya gunia. Niliona bei ikitajwa, ikilalamikiwa, ikishuka, mpaka mnunuzi anatoa pesa. Hiyo ya mwisho ndiyo nikaandika. Akanionyesha na nyanya za jirani: "Fungu ni bei ile ile ya mwezi jana. Ila mwezi jana zilikuwa sita, leo tano. Andika na hilo." Kumbe ndiyo maana ya ukubwa ule ule! Nilikuwa nimeukariri tu.

Adhuhuri ilipoingia akaniachia biashara, akaenda kuswali. Akaja mzee mmoja, akaniita mchumba, akanisifia, akalalamikia mgongo wake. Bi Zena aliporudi, mkungu mkubwa kuliko yote ulikuwa umeondoka kwa nusu ya bei.

Akakaa chini taratibu. "Yule baba ana magari mawili."

Nikamfidia kwa nauli yangu yote, naye akaniombea nafasi kwenye lori la ndizi. Nikashuka mjini nimekalia mikungu, nikijiuliza kama na bei ile niiandike. Niliiandika, na pembeni nikaeleza: muuzaji alikuwa ni mimi. Msimamizi alicheka mpaka akavua miwani, kisha akaikata kwa kalamu nyekundu. Kibarua nikabaki nacho, na kikazaa kazi niliyoifanya mpaka nikastaafu.

Basi, mwanangu, ukitumwa kuuliza, anza na salamu, kisha ukae. Mtu hamwambii ukweli wake aliyemsimamia kichwani. Andika kilicholipwa, si kilichotajwa, na ukiharibu, useme kabla hujaulizwa. Na tarakimu, ziwe za Marekani au za Mkuyuni, ziheshimu, lakini jiulize nani aliuliza na aliulizaje.

Mungu akupe jicho la kuona na subira ya kusikiliza. Akujaalie kazi ya halali, na kila utakapofika, watu wakusogezee mahali pa kukaa.